Majani ya Karani

Asubuhi ile ya Septemba Milka alimkuta Karani mahali pake pa siku zote, kwenye kona ya jiko, uso ameuelekeza ukutani kama mtu aliyekosana na wenzake. Milka akagonga sahani ya bati kwa kidole. Karani akageuza kichwa, akataka kuja, lakini miguu ya nyuma haikumfuata. Aliiburuta hatua mbili, kama mtu anayeburuta nguo iliyolowa, akatulia.

Karani alikuwa simbilisi jike, mwenye manyoya ya kahawia na doa jeupe juu ya pua. Simbilisi ni wanyama wadogo wasio na mkia, wakubwa kuliko panya na wadogo kuliko sungura, na nyumba nyingi za kijiji cha Makwale huwafuga jikoni. Hulala chini ya uchaga wa vyombo, hula maganda, na siku ambayo hakuna kitoweo huishia chunguni. Lakini wale wa jiko hili hawakuwa wa chungu. Walikuwa wa Naomi, mama mkwe wa Milka, na Naomi alikuwa amekufa tangu Februari.

Siku tatu kabla ya kufa, Naomi alimwita Milka kitandani. Alizungumza mambo mengi madogo: mbegu za maharage zilipo, kitenge cha kumpa mke wa mchungaji, jembe lililoazimwa. Kisha akasema, "Na hawa simbilisi usiwaache, mwanangu. Wakinyamaza hawa, nyumba hii itakuwa kimya sana."

Milka aliahidi. Wakati ule walikuwa kumi na mmoja. Asubuhi ile ya Septemba walikuwa saba, na katika hao saba hakuna hata mmoja aliyepiga mluzi alipoingia na kufungua dirisha.

Alipiga magoti, akamchukua Karani mikononi. Mnyama alikuwa mwepesi kuliko wiki iliyopita. Magoti yake madogo yalikuwa yamevimba, na Milka alipoyagusa alitoa sauti nyembamba, kali, ambayo ilimfanya Milka aombe radhi kwa sauti. "Pole, mama. Pole, sikujua."

*

Milka alizaliwa Njisi, kule ambako mtu akisimama ukingoni mwa mto Songwe anawaona ndugu zake wa Malawi wakianua nguo. Baba yake alikuwa akivusha sabuni na chumvi, na nyumbani kwao watu waliingia na kutoka siku nzima, wakisema Kinyakyusa, Kiswahili na Kiingereza cha sokoni. Alipoolewa Makwale, mwaka themanini na tano, alikuta nyumba ya aina nyingine kabisa, ya watu wasiopaza sauti, wakulima wa mpunga na kakao waliokaa pale tangu babu wa babu zao, na waliojua kila mtu apite njia ipi.

Hasa yeye. Kwa Wanyakyusa wa zamani mke wa mwana hakutani macho na baba mkwe wake. Hawasalimiani, hawaketi chumba kimoja, hawapishani njiani. Mwanamke huacha njia, hujifunika kanga, huinama mpaka mzee apite. Hata jina lake halitaji. Kwa miaka kumi na moja Milka alikuwa ameishi ua mmoja na mzee Anyosisye, na hakuwahi kumtazama usoni. Alimjua kwa viatu vyake vya mpira, kwa harufu ya tumbaku, na kwa kikohozi. Mzee alipotaka kukatiza ua kwenda zizini, alisimama kwenye kona ya mkakao na kukohoa mara mbili. Milka, popote alipokuwa, aligeuka.

Siku hizo wengine walikuwa wameshaacha. Kyela mjini wake za watu waliwaandalia baba wakwe zao chai na kuketi nao wakisikiliza redio. Mchungaji alisema mimbarini kwamba kusalimiana si dhambi. Israeli, mume wa Milka, alikuwa akimtania.

"Nchi ina vyama kumi na tatu vya siasa, Mama Nelson. Wewe bado unajificha nyuma ya mgomba."

"Na wewe ungependa nijifiche nyuma ya chama gani?"

"Mzee hawezi kukula."

"Najua hawezi. Nimezoea, na yeye amezoea. Nikimwamkia kesho atadhani nimemchoka."

Alimaanisha. Heshima ile aliiona kama uzio ambao walikuwa wameujenga wawili, kila mmoja kwa upande wake, na kila mmoja alijua mwenzake anautunza. Kikohozi cha mzee hakikuwahi kumkosa. Hata siku ya mazishi ya Naomi, katikati ya kilio cha watu mia tatu, mzee alikumbuka kusimama kwenye kona ya mkakao na kukohoa.

Mzee Anyosisye alikuwa karani wa ushirika. Miaka ishirini na nane alikaa kwenye dirisha la ghala akipima mpunga na kakao ya watu, penseli nyuma ya sikio, koti la kaki limefungwa vifungo vyote. Kisha wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, wakanunua shambani, na ghala likafungwa. Popo wakahamia. Mzee alirudi nyumbani na koti lake, na kwa muda mrefu aliendelea kuamka alfajiri na kulivaa, ingawa hapakuwa na dirisha la kwenda kukaa. Ndiyo maana Naomi alipompa simbilisi yule jina la Karani, Milka alicheka. Alidhani ni utani wa mke kwa mumewe: mnyama anayekaa peke yake kwenye kona yake, akiangalia ukuta kana kwamba watu watakuja kupanga foleni.

*

Baada ya arobaini Milka alihamia jiko la Naomi, lililokuwa kubwa kuliko lake. Lilikuwa jiko la mianzi lililokandikwa udongo kwa ndani, na udongo ule ulikuwa umechoka. Makwale wanawake hutazamana sakafu na kuta kabla ya kutazamana nyuso, na Milka hakutaka mtu aseme kwamba jiko la marehemu limepata mtu mvivu. Alichimba udongo mto Mbaka, akauchanganya na samadi, akasiliba ukuta mzima kwa viganja, akausugua kwa jiwe laini hadi ukang'aa. Chini, kwenye kona, alikuta tundu la ukubwa wa ngumi mbili, mianzi imekatwa. Akafikiria nyoka. Akalijaza makapi ya mgomba, akalisiliba, akapasugua hapo kuliko pengine pote. Alipomaliza hakuna ambaye angejua kwamba pamewahi kuwa na tundu.

Chakula cha simbilisi hakikumsumbua. Mwaka ule ule ghala lilipofungwa, mfanyabiashara mmoja alileta mashine ya kukoboa mpunga njia panda, na nyuma ya mashine pumba zilijaa kama kichuguu. Nani tena angetwanga kwenye kinu? Milka alichota pumba bure, laini, zenye harufu tamu, gunia zima kwa wiki. Aliwapa simbilisi asubuhi na jioni, wakala wakashiba. Wakati wa mvua alitupia na majani ya maboga alipochambua mboga. Mvua zilipokatika akapika zaidi dagaa na maharage, na simbilisi wakabaki na pumba. Majani mabichi yaliyolowa umande aliyaogopa. Kwao Njisi aliwahi kuona sungura wa jirani wakivimba matumbo na kufa kwa ajili hiyo.

Julai manyoya yao yakaanza kusimama, makavu, kama ya mnyama aliyenyeshewa. Agosti mmoja akaacha kula. Milka alimfungua mdomo kwa kijiti akaona ufizi unatoka damu. Akadhani pumba zina vipande vya makapi vinavyochoma. Akaanza kuzichekecha kwa chekecheke la unga, zikawa laini zaidi. Akaziloweka kwa maji ya uvuguvugu. Akawalisha kwa ncha ya kidole, mmoja mmoja, wakati wali unachemka. Macho yaliyoganda utando aliyafuta kwa pamba na maji ya chumvi. Waliokwisha kulegea aliwaweka kwenye boksi la sabuni, juu ya kipande cha kitenge cha Naomi, karibu na moto lakini si karibu sana.

"Tuwachinje," alisema Israeli, amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa ametoka kuvusha mchele hadi Karonga, Malawi, na alikuwa na njaa. "Ningesema hivi hata kwa ng'ombe. Kabla hawajajifia wenyewe."

"Hawa si wako."

"Ni wa mama yangu."

"Alinipa mimi."

Israeli alimtazama mkewe, ambaye kidole chake kilikuwa mdomoni mwa simbilisi. Akaketi kwenye kigoda, akalivuta boksi karibu yake, akamkuna mmoja nyuma ya sikio. "Huyu naye anaitwa nani?"

"Hana jina. Ni Karani tu mwenye jina."

"Basi huyu aitwe Mbunge. Anapumua tu, hasemi kitu."

Milka alicheka bila kutaka. Kesho yake Mbunge alikufa.

*

Alikwenda Kyela kwa baiskeli ya kukodi, amemkumbatia Karani ndani ya kikapu, amefunikwa kanga. Karibu na soko palikuwa na duka jipya la dawa za mifugo. Mwenye duka alikuwa bwana mifugo wa zamani aliyepunguzwa kazini. Mhuri wa serikali hakuwa nao tena, lakini koti jeupe alibaki nalo. Alifunua kanga, akatazama, akamtazama Milka.

"Mama, huyu si mboga?"

"Ni mgonjwa."

"Naona. Mimi nilisomea ng'ombe, mbuzi, kuku na nguruwe. Huyu hakuwamo kwenye kitabu." Hata hivyo alimgeuza kwa upole, akambonyeza miguu. "Amevimba viungo. Anakula nini?"

"Pumba safi. Nazichekecha."

"Safi kabisa," alisema yule mtu, kwa sababu ndivyo ambavyo angemwambia mwenye kuku. Akampa unga wa dawa ya kuku, akamwambia aweke kidogo sana kwenye maji. Kidogo sana hakueleza ni kiasi gani. Siku nne baadaye simbilisi wawili wengine walikuwa wamekufa, na Milka akaimwaga ile dawa chooni.

Aliwazika nyuma ya migomba, mchana, watoto wakiwa shule. Alichimba kwa jembe dogo na kufukia haraka, akitazama upande wa nyumba ya mzee. Hilo ndilo lililomwogopesha kuliko yote. Mzee hawezi kuuliza, na yeye hawezi kueleza. Mzee ataona tu kwamba mkewe alikufa Februari na vitu vyake vikafuata mwaka huo huo, mikononi mwa mwanamke wa Njisi. Labda atadhani wameliwa. Na ile miaka kumi na moja ya kuinama njiani ataiona bure: kumbe mtu aliweza kuinama vile na bado asijali chochote.

Wanne walibaki. Karani alikuwa mmoja wao, na kila alipomweka kwenye boksi, karibu na moto, mnyama yule alijivuta na kutoka, akaburuta miguu yake hadi kwenye kona, akauelekea ukuta. Milka aliona ni dalili ya kufa. Wanyama wengi hugeuka ukutani wakikaribia.

*

Aliyepeleka chakula cha mzee alikuwa Veronika, dada yake. Alikuwa mjane aliyeishi Mbeya kwa mwanawe na kurudi Makwale baada ya msiba, "ili kaka asife njaa kwa adabu zenu," kama alivyosema mwenyewe. Alikuwa mnene, mcheshi, na miaka ya mjini ilimwondolea hofu ya kusema. Jumatano moja alirudi na sinia, wali haukuguswa, akaketi mlangoni mwa jiko na kunyoosha miguu.

"Mke wetu, ndugu yangu amegoma kula."

"Chumvi imezidi, shangazi?"

"Chumvi haina kosa. Ameniuliza swali, na mpaka nimjibu hataki kula. Mtoto mdogo yule." Akajipepea kwa upindo wa kanga. "Ameniuliza, mbona simbilisi hawapigi mluzi."

Milka aliacha kukuna nazi. 

"Mwambie wapo."

"Nimemwambia wapo. Akasema, waliopo husikika. Mimi nikamwuliza, kaka, wewe mwanamume mzima mwenye ng'ombe tisa, simbilisi wa jikoni unawasikilizia nini? Akaisukuma sinia kando. Nikamwambia, kama husemi, nakaa na wali huu hapa mpaka uote." Veronika alianza kucheka, kicheko kikubwa, kisha kikamwishia katikati. "Mama Nelson, unajua ni nani aliyekuwa akiwakatia majani hawa?"

"Majani gani?"

"Ndivyo nilivyosema mimi pia. Majani gani."

Akamweleza. Miaka yote ile, hata kabla Milka hajaolewa, mzee Anyosisye alikuwa akiamka alfajiri, kabla ya watu, akishuka hadi kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga na kukata tita la majani. Aliyaacha kidogo yakauke umande juu ya paa la zizi. Kisha alipita nyuma ya jiko na kuyapitisha kwenye tundu alilolikata mwenyewe ukutani, na simbilisi wakapiga mluzi wote kwa pamoja. Naomi akaamka kwa mluzi ule. Kukatia simbilisi majani ni kazi ya watoto, na karani wa ushirika asingeweza kuonekana na tita la kitoto. Watu wangelisimulia hilo hadi kwenye mizani ya ghala. Kwa hiyo ikawa siri yao wawili. Milka alipokuja kuwasha moto, majani yalikuwa yameshaliwa, na alichowahi kuona ni Naomi akitupa maganda.

"Na baada ya msiba?" aliuliza Milka, ingawa alikuwa ameshaanza kujua.

"Baada ya msiba akakaa ndani siku arobaini. Zikaisha, akakata majani, akaja. Akakuta tundu limezibwa, tena limesilibwa vizuri." Veronika alitazama kona ile. "Hakukasirika, usilie. Alisema ulifanya sawasawa. Jiko sasa ni la mkwewe, na mkono wa baba mkwe unaingiaje jikoni kwa mkwewe? Alidhani umemkumbusha kwa adabu. Majani akampa ndama. Ameniambia anasikia aibu kwamba alihitaji kukumbushwa."

Milka hakuwa akilia. Alikuwa akimwangalia Karani, ambaye alikuwa kwenye kona, ameuelekea ukuta.

"Anasubiri," alisema.

"Nani?"

"Karani. Miezi yote hii nilidhani anakufa. Alikuwa anasubiri."

 Veronika alichukua sinia, akapasha wali moto upya, na kabla ya kuondoka akauliza, "Nimjibu nini?"

"Mwambie wako wanne. Mwambie wengine wamekufa mikononi mwangu, sikuwala." Akafuta uso kwa mkono wenye nazi. "Mwambie lile tundu nililiogopea nyoka."

*

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya kakao, Milka alichukua kisu cha kuchambulia samaki, akaanza kuukwangua ukuta wake. Udongo ulitoka kwa shida; alikuwa ameusiliba vizuri. Makapi ya mgomba yakafuata, na mwanga mdogo wa jua ukaingia na kulala sakafuni. Aliingiza vidole kutoa mabaki. Mianzi iliyokatwa huwa na makali, lakini kingo za tundu lile zilikuwa laini kama mpini wa jembe la zamani. Alizipitishia kidole kote, juu na chini. Mkono uliopita pale kila alfajiri, mwaka baada ya mwaka, ulikuwa umeyamaliza makali yote. Kwenye ufa mmoja palikuwa na bua la majani, kavu, limebanwa.

Alilichomoa, akaliweka mbele ya Karani. Lilikuwa bua tupu lisilo na faida yoyote. Karani alilishika kwa meno yake yaliyolegea na hakuliachia.

Hakusubiri. Kama kilichowaua wenzao ni kukosa majani mabichi, hawa wanne wasingoje kesho. Alishuka mferejini mwenyewe, akakata, akayaacha yanyauke kidogo. Wale watatu walikula mara moja, wakisukumana kwa nguvu ambayo hakuijua kama bado wanayo. Karani hakuweza kutafuna. Milka alitwanga majani machanga ya mpera na maji ya chungwa kwenye kinu kidogo cha vitunguu, akayakamua kwa kitambaa, akamdondoshea mdomoni tone kwa tone. Alifanya vile jioni, na asubuhi, na mchana.

Alfajiri ya kwanza hakuna mkono uliopita kwenye tundu. Milka alikuwa amekaa jikoni gizani, kanga kichwani, mgongo ameupa ukuta, ili yule wa nje asiwe na haja ya kumwona wala yeye asiwe na haja ya kuona. Alisikia viatu vya mpira. Vikasimama karibu na kona. Vikaondoka.

Alfajiri ya pili vilisimama muda mrefu zaidi.

Milka alifikiri sana siku ile. Tundu lililokuwa wazi linaweza kuwa ni sahau tu, au udongo umebomoka. Mtu mwenye adabu hapitishi mkono kwenye sahau. Ilibidi mzee apewe kitu ambacho si neno, maana neno hawakuwa nalo, lakini kisichoweza kueleweka vingine. Akamwuliza Veronika kama vitu vya Naomi vilikuwa vimeshagawiwa vyote. Kilibaki kikapu cha ukindu, kile ambacho, kama mzee alivyomweleza Veronika, Naomi alikuwa akiwekea majani ya akiba ya simbilisi. Milka, bila kujua, alikuwa akikitumia kwa vitunguu. Alimwaga vitunguu, akakiosha, na jioni akakiweka nje, chini ya tundu, kikavu, mdomo juu.

Alfajiri ya tatu viatu vilikuja. Vikasimama. Kisha akasikia ukindu ukilia, kama kikapu kinavyolia mtu anapokiinua na kukirudisha chini taratibu. Kisha kikohozi, mara mbili, kwa adabu, kama mtu anayepiga hodi kwenye ofisi aliyokuwa akifanya kazi zamani.

Milka alijifunika zaidi na kutazama mafiga.

Nyuma yake majani yalichakacha yakiingia. Wale simbilisi watatu walipiga mluzi, mwembamba, uliokatika katikati, kisha ukakaza. Na baada ya mluzi wao ukaja mwingine, wa nne, wenye mikwaruzo. Kisha akasikia kitu kikiburutwa sakafuni. Hakugeuka. Alijua ni miguu gani.

Nje mtu alivuta pumzi kwa nguvu. "Karani," alisema mzee Anyosisye, kwa mnyama. "Umekonda."

 Kisha, bado kwa mnyama, akasema, "Mwenye nyumba amehangaika na wewe. Mwambie ndaga. Mwambie asante."

Milka aliinamisha kichwa hadi kanga ikagusa magoti. Hakujibu, kwa sababu si yeye aliyesemeshwa. Lakini aliweka kiganja sakafuni na kugonga mara mbili, polepole, kama anavyogonga sahani ya bati, na viatu vya mpira vikakaa pale mpaka kulipopambazuka.

*

Karani hakupona kabisa. Uvimbe uliisha, manyoya yakalala, lakini mguu mmoja alibaki akiuburuta, na kwenye sakafu ya Milka, iliyosifiwa kijiji kizima, palikuwa na mfereji mwembamba kutoka bokseni hadi kwenye kona, ambao Milka kila aliposiliba aliuruka. Aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa. Alipokufa wenzake walikuwa wamezaana hadi kumi na wanne. Israeli alimpa kila mmoja cheo, na hakumwita tena yeyote Mbunge.

Mzee aliendelea kuleta majani. Wakati mwingine alisema neno moja au mawili na simbilisi: mto umejaa, bei ya kakao imeshuka, leo magoti yananiuma. Milka alisikia yote. Magoti yalipouma, mchana ule Veronika alipeleka uji wa moto na mafuta ya kuchua, na hakuna aliyeuliza nani amemwambia. Hawakuwahi kukutana macho. Njiani Milka aliendelea kuinama, na kwenye kona ya mkakao kikohozi kiliendelea kusikika.

Mzee alikufa mwaka tisini na tisa, wakati wa mavuno ya mpunga. Aliyegundua ni Milka. Alikuwa jikoni akisubiri, na simbilisi wakapiga mluzi kwa hamu, wakanyamaza, wakapiga tena, na hakuna jani lililoingia.

Siku arobaini zilipokwisha, Milka aliamka alfajiri, akashuka mferejini, akakata tita. Aliyaacha majani yakauke umande juu ya paa la zizi. Mlango wa jiko ulikuwa wazi na moto umeshawashwa. Angeweza kuingia tu na kuyamwaga sakafuni. Akazunguka nyuma. Kwenye kona ya mkakao alisimama, akakohoa mara mbili, akapiga magoti kwenye udongo na kupitisha mkono kwenye tundu.